Kumhamisha Bi Mkubwa

Mlango wa chumba cha seva ulijifunga taratibu nyuma yake, kama ulivyozoea, na Fundi hakugeuka hata kuutazama. Ageuke wa nini? Mkono mmoja umeshika laptopu, mwingine kikombe cha chai, na kimawazo alikuwa ameshaondoka. Begi lake la nguo lilikuwa tayari ndani ya lori la safari ndefu, mbele kabisa, kwenye kiti cha abiria. Dereva alikuwa uani anakaza turubai. Katika mji mwingine, hospitali kubwa ilikuwa imempa kazi, kazi ya kukaa na wenzake wanaoelewa anachokifanya, na kesho asubuhi alitakiwa awe amekaa kwenye kiti chake. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, kumhamisha Bi Mkubwa kutoka mashine ya zamani kwenda mashine mpya.

Bi Mkubwa hakuwa mtu. Alikuwa programu. Fundi ndiye aliyemtunga tangu mstari wa kwanza, alipotoka chuoni na kichwa chake kinachemka, kwa ajili ya ghala la mizigo la mjomba wake. Mwanzoni Bi Mkubwa alikuwa anaandika tu mzigo gani umeingia na upi umetoka. Kisha Mjomba akasema, hebu awe anaandika na wafanyakazi wanaochelewa. Kisha siku moja mzigo wa mteja ukayeyuka, Mjomba akaja juu, akanunua vitasa vya kadi kwa kila mlango, isipokuwa wa mapokezi na korido yake, na geti la umeme, na akataka vyote vimuulize Bi Mkubwa kabla ya kumfungulia mtu. Tena si kuingia tu, hata kutoka! Alitaka kujua nani kakaa stoo muda gani na alikuwa anafanya nini humo. Ndipo wafanyakazi wakampa ile programu jina, maana humo ghalani huwezi kupiga chafya bila ruhusa yake.

Sasa sikia ubaya wake. Bi Mkubwa hakuwa na uwezo wa kuamka mwenyewe. Umeme ukikatika, ilibidi mtu akae kwenye kompyuta ya mapokezi, aandike paswedi, aandike amri, amwamshe kwa mkono, na aliyezijua hizo ni Fundi peke yake. Na Mjomba hakutaka kusikia habari ya kuweka data zake kwenye mashine za watu huko mtandaoni, wala hakutaka mtu yeyote aweze kuingia kutoka nje, hata huyo huyo Fundi akiwa kitandani kwake. "Mashine yangu, chumba changu, ukuta wangu," ndivyo alivyosema. Kwa hiyo Fundi alikuja kwa miguu yake. Ametolewa saluni nywele zimesukwa nusu. Ameacha harusi bwana harusi hajafika. Kila alipotaka kurekebisha jambo lenyewe, Mjomba alikuwa na jingine la haraka zaidi: "Acha hilo, mwanangu, si linafanya kazi? Nifanyie hili kwanza." Miaka ikaenda hivyo hivyo. Fundi hakuwahi kulala mahali ambapo hawezi kurudi upesi, kama mbuzi aliyefungwa kamba akala majani yote yanayofikika.

Alipopata kazi ya hospitali, Mjomba hakukataa. Angekataa ingekuwa afadhali. Alisema ngoja tumalize kuhesabu mzigo. Halafu, ngoja mguu wangu upone. Halafu, ngoja mashine mpya ije. Mashine ilipokuja, akakosa la kusema, akakubali shingo upande: "Ukimhamisha, akasimama mwenyewe bila kukuita, nenda. Sikuzuii."

Basi Fundi akaweka chai yake juu ya boksi, akamzima Bi Mkubwa kwenye mashine ya zamani, akaanza kunakili kila kitu kwenda kwenye mpya. Nyumbani kwake alikuwa ameyafanyia mazoezi haya yote mpaka akaweza kuyafanya amefumba macho. Kunakili kulipokwisha, akaizima mashine ya zamani, akataka kumwita dada wa mapokezi aje ajaribu. Akapitisha kadi yake kwenye kitasa.

Taa nyekundu.

Akapitisha tena. Nyekundu. Akaisugua kadi kwenye suruali, kana kwamba uchafu ndio tatizo, akapitisha tena. Ndipo akili yake ikamrudia. Kitasa kinamuuliza Bi Mkubwa. Bi Mkubwa amelala. Aliyemlaza ni nani? Yeye mwenyewe, sasa hivi, kwa vidole vyake! Nyumbani alikofanyia mazoezi hakukuwa na vitasa vya kadi. Na miaka yote hiyo Bi Mkubwa akilala, Fundi alikuwa nje, mapokezi, anawaamrisha wengine wavumilie. Hakuwahi hata siku moja kuwa ndani.

"Jamani!" akapaza sauti akigonga mlango. "Kuna mtu hapo?"

Aliyekuja ni dada wa mapokezi, ambaye ghala zima lilimwita Redio, na si kwa sababu ya kupenda muziki. "Dada Fundi, huku nje hakukaliki!" alisema kabla hajaulizwa. "Geti limegoma. Lori lako limeshawaka, halitoki. Yako mengine nje yanataka kuingia, yanapiga honi kama wendawazimu. Wateja wamefungiwa chumba cha kusubiri, na kuna mama mmoja anasema anataka kujisaidia. Mwamshe bibi yako!"

"Nimefungiwa humu, Redio."

Redio akaangua kicheko, akacheka mpaka akasikika anaegemea ukuta. "Wewe? Wewe uliyemtengeneza? Kakufungia wewe?"

"Cheka, cheka. Hakuna ufunguo wa dharura?"

"Ufunguo wa wapi! Mjomba wako kanunua vile vya rahisi, hata tundu la ufunguo havina."

Mlango ulikuwa wa chuma. Chumba hakikuwa na dirisha, maana zamani kilikuwa stoo ya vitu vya thamani. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, lakini Fundi alihisi hewa inapungua, na alijua haipungui, na kujua huko hakukumsaidia chochote. Jasho lilimtoka. Alitazama zile kuta. Aliogopa. Si kwamba atakufa humo, la. Aliogopa kwamba hivi ndivyo alivyokuwa siku zote, tofauti ni kwamba leo kuta zinaonekana.

Nje zikasikika hatua za mtu anayeburuza mguu. Hakuhitaji kuuliza ni nani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, nini tena?"

Fundi akamweleza. Mjomba akasikiliza mpaka mwisho, akakohoa. "Kwani huwezi kumwamsha sasa hivi?"

"Naweza. Naweza kumwamsha kutoka kwenye laptopu yangu, dakika hii hii. Lakini atakuwa ameshikiliwa na laptopu. Nikiifunga laptopu, analala tena. Ninachotaka ni kumkabidhi kwa mashine yenyewe, ili umeme ukija tu, aamke bila mtu. Hiyo inachukua muda kidogo, na lazima nijaribu kabla sijaamini."

"Fungua kwanza," Mjomba akasema. "Mengine baadaye."

Yale maneno! Fundi aliyajua kama anavyojua jina lake. Kwa maneno hayo hayo ujana wake ulikuwa umepita. Akifungua kwanza, milango itafunguka, malori yatatoka, watu watashukuru, na laptopu itabaki humu imechomekwa, haiwezi kufungwa, haiwezi kubebwa. Na mwenye laptopu abaki nayo. Mengine baadaye, na hiyo baadaye haikuwahi kufika hata mara moja.

"Mjomba, nipe muda."

"Watu wananikalia kooni huku!"

"Nawasikia."

"Sasa unataka kunikomoa? Mimi niliyekulea?"

Simu ya Fundi ikalia mfukoni. Alikuwa mama yake, na kabla ya salamu Fundi alijua mzee amekwisha kupiga kushtaki. "Mwanangu," Mama alisema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "mjomba wako presha itampanda. Mfungulie watu mlango. Hizo safari zipo tu. Kwani hospitali itahama? Utakwenda wiki ijayo."

"Mama, uliniambia hivyo hivyo mwaka jana."

"Ndiyo, kwani umekufa?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, ya hasira tupu. Alitaka kusema ndiyo, nimekufa kidogo, lakini mtu hamwambii mama yake maneno hayo. Akasema, "Mama, nina kazi mkononi, nitakupigia," akakata. Hajawahi kumkatia mama yake simu. Akaketi chini sakafuni, akaweka laptopu mapajani, akaanza kuandika.

Nje honi zililia. Redio alikuja kutangaza kwamba yule mama wa chumba cha kusubiri amepatiwa ndoo. Dereva naye alikuja, akagonga, akasema kwa upole kwamba yeye anasubiri, asiwe na wasiwasi, ila jua likikaza matairi hayapendi. Mjomba hakuondoka mlangoni. Kila baada ya kitambo alisema, "Bado?" na Fundi akajibu, "Bado." Akakosea, akafuta, akaandika upya. Alimwandikia Bi Mkubwa namna ya kuamka: subiri mtandao, kisha fungua hifadhi ya data, kisha simama. Ukianguka, simama tena. Usimngoje mtu.

Halafu akafika penye kazi. Kuamini bila kujaribu ni ujinga, na kujaribu maana yake ni kuizima mashine mpya kabisa, kana kwamba umeme umekatika, na kuiwasha bila kugusa kingine. Isipoamka, basi. Akapiga moyo konde, akachomoa waya ukutani. Mashine ikazima, na chumba kikawa kimya kuliko alivyowahi kukisikia. Akachomeka, akaiwasha, akakunja mikono kwapani ili asiguse kitu.

Feni zikazunguka. Taa ndogo za kijani zikaanza kupepesa. Kwenye laptopu ukurasa wa Bi Mkubwa ukaja taratibu, kwanza nembo ya ghala, kisha mahali pa kuandika jina. Ameamka mwenyewe! Fundi akaruka, akapitisha kadi.

Nyekundu.

"Bado?" Mjomba akauliza.

Alitamani kuupiga mlango kichwa. Kisha akakumbuka: vitasa havijui habari ya kuhama. Vinaendelea kumuuliza Bi Mkubwa kule alikokuwa, kwenye mashine ya zamani, na kule hakuna mtu. Akaipa mashine mpya anwani ya ile ya zamani. Akazima tena, akawasha tena, roho mkononi. Akapitisha kadi.

Kitasa kikasema *tik*, na mlango ukalegea.

Uani watu walipiga vigelegele vya kejeli. Milango ilikuwa inafunguka, geti linateleza, na yule mama wa ndoo alipita kwa kasi bila kumtazama mtu. Mjomba alikuwa amesimama pale pale kwenye korido, shati limemlowa. Fundi alimwonyesha ukurasa kwenye kompyuta ya mapokezi. Akamweleza kwamba mashine ikizimika, ni kuichomeka na kuiwasha, basi. Redio anaweza. Mtu yeyote anaweza.

"Mtu yeyote," Mjomba akarudia.

"Ndiyo, Mjomba."

"Umefanya vizuri." Akampa mkono, akaushika muda mrefu, halafu akaangalia pembeni. "Haya, nenda. Mwenzio anakungoja. Mimi nikaangalie hiyo mashine yangu."

Fundi akapanda lori. Hata mkanda alifunga. Dereva akatia gia, lori likasogea mpaka kwenye geti, geti likaanza kuteleza, likafika katikati, likasimama. Taa yake ikawa nyekundu.

Dereva akamtazama Fundi. Fundi akafungua mkanda.

Alirudi kwa miguu, pole pole, anatafuta sababu. Umeme ulikuwepo, taa za korido zilikuwa zinawaka. Redio mapokezi alinyoosha mikono kuonyesha hajagusa kitu. Mlango wa chumba cha seva ulikuwa umefungwa, kitasa chekundu, na ndani hakukuwa na sauti ya feni.

"Mjomba?"

"Nipo," sauti ikajibu kutoka ndani.

"Vipi huko?"

"Imezima yenyewe."

"Yenyewe, Mjomba?"

Fundi aliweka kiganja kwenye chuma, akangoja.

"Nimechomoa waya," Mjomba akasema.

Hasira ilimpanda Fundi mpaka masikio yakawa ya moto. Mzee huyu! Kumbe amesimama korido asubuhi nzima akiuliza bado, bado, na kuahidi hakuzuii, na kumpa mkono! Alifungua mdomo ampe maneno yake, heshima baadaye, lakini Mjomba alimtangulia, akasema kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake.

"Wanangu wote wako mbali. Wakubwa wale, unawajua. Walisema watakuwa wanakuja. Wanapiga simu sikukuu, wanauliza afya, wanakata. Wewe ulikuwa unakuja, mama. Umeme ukikatika tu, najua utakuja. Naweka kiti. Namwambia Redio achemshe chai. Nilikuwa nakaa nauombea ukatike, unasikia? Mtu mzima mimi, na biashara yangu, naombea umeme ukatike. Sasa umemfundisha kuamka mwenyewe. Utakuja kufanya nini?"

Fundi aliegemea mlango. Miaka yote alidhani mjomba wake ni bahili, tena mbishi, mtu asiyejali muda wa mwenzake. Kile kiti alikikumbuka vizuri. Alikuwa anakikalia huku amekunja uso, anamaliza kazi, anaondoka, na chai anaiacha nusu.

"Nitakuja kukuona, Mjomba."

"Hata wao walisema hivyo."

Alitaka kumwapia. Lakini alijijua. Alijua kazi mpya ilivyo, mji mpya ulivyo, na alijua kwamba sehemu ya furaha yake leo asubuhi ilikuwa ni kutolazimika kurudi hapa. Kiapo kingetoka nusu uongo, na mzee angeisikia hiyo nusu. Nyuma ya Fundi, Redio alikuwa amesimama mwisho wa korido, na kwa mara moja katika maisha yake hakuwa na la kutangaza.

"Chomeka waya, Mjomba," Fundi akasema. "Kisha bonyeza kile kitufe cha mbele. Siwezi kukufungulia kutoka huku."

"Nikichomeka, utaondoka."

Ingekuwa rahisi kumdanganya. Ungedanganya wewe, ningedanganya mimi. Mtoto wa watu akasema, "Nitaondoka."

Walikaa hivyo, yeye nje na mjomba wake ndani, na uani honi moja ikaanza, nyingine ikaipokea. Mapokezi simu ililia na hakuna aliyeipokea. Fundi hakugonga, hakubembeleza. Hakuwa na kingine cha kufanya isipokuwa kungoja mkono wa mtu mwingine, na aliuhisi huo ungojaji mwili mzima.

Kisha ikasikika suruali ikisugua ukuta, mzee akiinama kwa shida na mguu wake. Kitu kikagonga sakafu. Kitambo. Halafu feni zikaanza kuzunguka.

Wote wawili walisikiliza. Bi Mkubwa hakuwa na haraka. Alisubiri mtandao, akafungua hifadhi yake, akasimama. Fundi akapitisha kadi yake. Kitasa kikasema *tik*. Taa ikawa kijani, na kutoka uani ikasikika sauti ya geti likiteleza mpaka mwisho.

Mlango ulikuwa wazi. Ungesukuma kwa kidole kimoja ungefunguka. Fundi hakuusukuma, na aliyekuwa ndani hakutoka.

"Mjomba, umefunguka."

"Nimesikia."

"Toka basi, nikuage vizuri."

"Nenda," Mjomba akasema kutoka ndani, na sauti ilikuwa imekwisha kukauka. "Nenda, mwanangu, kabla sijachomoa tena."

Fundi alikwenda, tena mbio, kwa sababu alimjua mjomba wake, angechomoa kweli.